Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: agiza matope ya maziwa ya Mlima Kenya yapimwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu,
Nairobi.

KUH: CHEMBE ZA PLASTIKI KATIKA MAZIWA YA MLIMA KENYA NA NYANDARUA

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Soko la Toi, ninakouza mitumba ya wapanda milima: makoti ya flisi, suruali za nailoni, mahema, mifuko ya kulalia, viatu. Wateja wangu wengi ni vijana wa hapa Nairobi ambao wikendi hupanda Ngong na Longonot, kisha Nyandarua, na wakishakomaa huenda Mlima Kenya. Mara kwa mara nafuatana nao. Kwa hiyo mali hii naijua inapotoka kwenye beli, na naijua inapofika kule juu kwenye baridi.

Ombi langu ni moja, na naliweka hapa mwanzoni kwa kuwa najua barua ndefu zinavyosomwa maofisini. Agiza matope ya chini ya maziwa madogo ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua yachotwe, chembe za plastiki zilizomo zihesabiwe, kazi hiyo irudiwe kila mwaka, na matokeo yawekwe wazi kwa kila Mkenya anayetaka kuyasoma. Yanayofuata ni sababu zangu.

Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu, fuo na maeneo mengine ya hifadhi. Amri ile naiunga mkono, na matunda yake nimeyaona njiani: chupa tupu zimepungua. Mgeni akifika langoni mkoba unafunguliwa, chupa ya maji ya dukani inatolewa, anabaki na ya chuma. Kisha anaingia akiwa amevaa kofia ya akriliki, koti la flisi na suruali ya nailoni, mgongoni amebeba hema la poliesta. Mheshimiwa, poliesta ya nguo na plastiki ya ile chupa ni kitu kimoja, ile wanayoiita PET. Moja imepulizwa ikawa chupa, nyingine imevutwa ikawa uzi. Tena makoti mengi ya flisi hutengenezwa kwa chupa kuukuu zilizoyeyushwa. Chupa tumeizuia langoni, tukaipitisha ikiwa imevaliwa.

Sikuandikii ili umvue mtu koti. Usiku kule Shipton's, kambi ya juu Mlima Kenya, maji huganda chupani, na mtu aliyelowa bila nguo ya kumtia joto anaweza asiione asubuhi. Najua pia wapo wanaosubiri kisingizio chochote cha kufunga biashara ya mitumba, wakitafute kwingine. Koti jipya la dukani nalo hutoa nyuzi, na hutoa kwa wingi zaidi linapofuliwa mara za kwanza kuliko lile ambalo limeshafuliwa huko Ulaya kwa miaka. Ninachosema ni kwamba sheria yetu imetazama plastiki inayoonekana kwa macho, na ile inayoelea hewani imeachwa ijiendee.

Siku moja pita sokoni asubuhi, jua likiwa bado linaingia kwa kando chini ya mabati. Shika koti la flisi mabegani ulikung'ute mara moja tu. Utaona nyuzi zikipanda kwenye ule mwanga, nyembamba kuliko unywele, zinazunguka, haziharakishi kushuka. Chai ya rungi ikikaa wazi nusu saa hupata utando juu. Turubai jeusi ninalotandika bidhaa likifika adhuhuri limeshageuka kijivu, na ukilifuta kwa kidole unapata pamba ya rangi zote. Anayefungua beli hufunga leso puani. Hakuna aliyetufundisha, kikohozi ndicho kilichotufundisha.

Kuna na makoti ya mvua. Kwa ndani huwa yamepakwa tabaka la plastiki la kuzuia maji. Likizeeka, tabaka hilo hubanduka magamba meupe madogo madogo. Ukipitisha mkono ndani ya kiwiko yanakuja kiganjani. Koti la namna hiyo kwetu si kamera, yaani daraja la kwanza, ni fagia, daraja la mwisho, linauzwa kwa bei ya kutupa, na anayelinunua ni yule kijana ambaye hana uwezo wa kununua zuri ila mlima ameukusudia. Mvua ya mawe ikimpiga kule kambi ya Mackinder's, magamba yale yanabaki hukohuko.

Vipande vya plastiki vilivyo chini ya milimita 5 ndivyo wataalamu wanavyoviita mikroplastiki. Jina hilo lilianza kuzoeleka mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth kule Uingereza walipouliza plastiki yote inayopotelea baharini huwa inakwenda wapi. Mwaka 2016 watafiti wa chuo hichohicho walifua nguo na kuhesabu: kilo 6 za nguo za akriliki kwenye mashine moja zinaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000 kwa mfuo mmoja. Ufaransa ikapitisha sheria mwaka 2020 ya kutaka mashine mpya za kufulia ziwe na chujio la nyuzi. Kwetu chujio hilo lingesaidia nyumba chache za Kileleshwa. Wengi wetu tunafua kwa mkono, maji tunayamwaga mtaroni, na nguo tunazianika juu ya paa ambako upepo wa Nairobi unazipiga mchana kutwa.

Unaweza kuniuliza upepo wa Nairobi unahusiana vipi na ziwa lililo zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2019 zilichapishwa hesabu za watafiti waliotega vyombo kwenye milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Uhispania, mahali palipo mbali na miji mikubwa. Kwa miezi mitano walikinga chochote kinachoanguka kutoka juu. Wastani ukawa chembe 365 za plastiki kwa kila mita ya mraba, kila siku. Walipofuatilia njia za upepo, waliona kwamba chembe hizo zingeweza kuwa zimetoka hadi kilomita 95. Mwaka 2021 hewa ya kilele cha Pic du Midi, mlima wa hukohuko wenye mita 2,877, ikakutwa na plastiki inayosafiri juu kabisa, kwenye tabaka la hewa ambalo halizuiwi na vilima wala misitu. Na theluji ya Everest iliyochotwa mita 8,440 ilikuwa na nyuzi, nyingi zikiwa za poliesta, nguo ileile ninayouza mimi.

Sasa chukua ramani na rula. Kutoka katikati ya Nairobi hadi bwawa la Ndakaini ni kama kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Hadi kilele cha Kinangop ni kama 75. Hadi Batian, kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, ni mbali zaidi, kama 140, lakini mlima haukuzungukwa na Nairobi peke yake: Nanyuki, Nyeri, Embu na Meru zote ziko ndani ya kilomita 60 kutoka kileleni, na kila mji una jalala lake, stendi yake ya matatu na kamba zake za nguo.

Yeyote aliyepanda Mlima Kenya anajua kwa nini tunaamshwa saa nane au saa tisa usiku kuelekea kilele cha Lenana. Alfajiri vilele viko wazi. Jua likishachomoza, miteremko inapata joto, hewa ya mabondeni inaanza kupanda, na kufikia saa nne au saa tano ukungu umeshafunika kila kitu. Mchana mara nyingi mvua au barafu inashuka. Ni hivyo siku nyingi za mwaka. Maana yake ni kwamba hewa ya tambarare, pamoja na chochote ilichobeba, inapandishwa mlimani asubuhi, kisha mvua ya mchana inaiosha na kuyamwaga yaliyomo juu ya miamba, na kutoka miambani yanatiririkia maziwani.  Mlima wetu unafanya kazi hiyo karibu kila kukicha.

Na hewa ya tambarare imebeba nini? Nguo ni sehemu tu. Utafiti mmoja wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba magharibi mwa Marekani asilimia 84 ya mikroplastiki iliyokuwa angani ilitokana na barabara, yaani magurudumu yanayosagika, breki, na vumbi la plastiki linalopondwa na magari kisha kurushwa tena juu. Thika Road yenyewe unaijua. Kisha kuna majalala. La Dandora lilianza kutumika mwaka 1975 na likatangazwa limejaa mwaka 2001, na hadi leo malori yanaingia na moshi unatoka. Plastiki inayochomwa ovyo haiishi yote motoni. Nyingine hupaa ikiwa vipande vyeusi vyepesi. Kandokando ya mlima wenyewe, kuanzia Naro Moru hadi Timau, kuna mashamba ya maua na mboga yenye vibanda vilivyoezekwa kwa karatasi za plastiki. Jua la nyanda za juu huzikausha mpaka zikavunjika kwa kuguswa tu, na upepo ukivuma utasikia zikipigapiga usiku kucha.

Hata mfuko wa sokoni. Tarehe 28 Agosti 2017 tuliagana na mfuko wa nailoni, na Kenya ikasifiwa dunia nzima. Ukaja ule wa kitambaa-kitambaa, ambao ni plastiki ya polipropilini iliyobanwa ikafanana na nguo. Mteja wangu akiutumia wiki mbili unaanza kuchanika na kuacha nyuzi mkononi.

Naja kwenye hatari yenyewe, maana kuwepo kwa chembe peke yake si hoja ya kumsumbua Waziri.

Maziwa ya juu ya Mlima Kenya si kama Victoria wala Naivasha. Ni madogo, ya baridi, mengi yakiwa yamechimbwa na barafu ya kale: Hall Tarns, Simba Tarn, Teleki Tarn, Hausburg, Ziwa Michaelson kule chini ya jabali la Temple, Ziwa Ellis, Rutundu na Ziwa Alice. Maji yake ni masafi kwa sababu hayana chakula kingi ndani. Mwani ni kidogo, na wadudu wa majini wanaoula ni wa aina chache, na juu yao wapo wadudu wengine, ndege, na katika baadhi ya maziwa, kama Rutundu, samaki aina ya trauti ambao mababu zetu hawakuwakuta. Mlolongo ni mfupi. Kiungo kimoja kikidhoofika hakuna kingine cha kushika nafasi yake.

Vingi vya vile vidudu vidogo vinavyokula mwani huchagua chakula kwa ukubwa kuliko kwa ladha. Chembe ya plastiki yenye ukubwa wa mwani inamezwa. Kwenye maabara imeonekana mara nyingi kwamba vikimeza plastiki vinakula kidogo, vinakua taratibu na kuzaa wachache. Na hapa kwetu si hadithi ya mbali: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta vidudu vya namna hiyo katika bahari ya Kenya vikiwa tayari vimemeza mikroplastiki. Sitaki kutia chumvi, Mheshimiwa. Majaribio mengi ya maabara hutumia plastiki nyingi kuliko inayopatikana ziwani, na Shirika la Afya Duniani lilipochunguza maji ya kunywa mwaka 2019 lilisema ushahidi uliopo hautoshi na utafiti zaidi unahitajika. Lakini ziwa lenye chakula haba na baridi ya mwaka mzima, ambamo kila kiumbe kinaishi kwa kubana matumizi, ndilo la mwisho ambalo ningelifanyia jaribio la kuona kiasi gani kinatosha kuua.

Kuna na kemikali. Plastiki hutiwa rangi, vilainishi, dawa za kuzuia moto na jua, na vitu hivyo huvuja polepole na kuingia majini. Pia chembe hizo hunasa sumu nyingine zilizokuwa zikielea zenyewe na kuzibeba pamoja. Mfano unaoogopesha zaidi umetoka kwenye magurudumu: mwaka 2020 wanasayansi wa Marekani walithibitisha kwamba dawa moja inayowekwa kwenye mpira wa tairi ili usipasuke hugeuka sumu ikikutana na hewa, na kwamba sumu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiua samoni wa aina ya koho kwenye vijito vya mjini kila mvua inaponyesha. Samoni ni wa ukoo mmoja na trauti wetu.

Jua la mlimani linazidisha mambo. Mchana mionzi ni mikali, usiku barafu. Kamba ya hema iliyosahauliwa kwenye mwamba inapashwa na kugandishwa kila siku, na baada ya misimu michache ukiishika inakatika kuwa unga wa rangi ya chungwa vidoleni. Nimeushika unga huo hatua chache kutoka kwenye maji. Barafu yenyewe ya mlima inakwisha. UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba huenda isiwepo ifikapo 2050. Kila kilichokuwa kimelala humo kinashuka nayo.

Na maziwa hayo hayakufungwa. Ziwa Michaelson linatoa mto Nithi, unaoishia Tana. Upande wa magharibi vijito vinashuka Naro Moru na kuingia Ewaso Ng'iro, ambao mfugaji wa Isiolo anausubiri kwa hamu. Kwa Nyandarua sihitaji hata kueleza: mto Thika na wenzake hujaza Ndakaini, lenye mita za ujazo milioni 70, na mfereji ukifunguliwa Umoja au Kawangware, maji hayo ndiyo yanayotoka. Malewa nao hutoka Nyandarua kwenda Naivasha, na Naivasha imeshachunguzwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na mikroplastiki zilikutwa. Kwa hiyo tumeanza kuhesabu chini, mwishoni mwa mto. Ninaomba twende na mwanzoni.

Kwa nini nang'ang'ania matope, wala si maji? Kwa sababu maji ya leo yatakuambia ya leo. Plastiki ikikaa majini huota utelezi wa vijidudu, inakuwa nzito, inazama, na inafunikwa na mashapo ya mwaka unaofuata. Matope ya ziwa ni daftari la duka: kila mwaka una mstari wake, na deni la zamani halifutiki kwa sababu mwenye duka amebadilika. Wanasayansi walishalisoma daftari hilo kwetu. Mwaka 2001 walichapisha historia ya hali ya hewa ya miaka 14,000 waliyoipata kwenye matope ya Simba Tarn na Small Hall Tarn. Ziwa la mlimani lina faida nyingine: hakuna kiwanda juu yake, hakuna mtaro wa mji, hakuna shamba. Ukiondoa kinachodondoshwa na wapanda mlima, plastiki yoyote utakayoikuta imeanguka kutoka angani. Hakuna kipimo rahisi zaidi cha hewa ya Kenya nzima. Sentimita chache za juu za matope zitatueleza kama marufuku ya 2017 na ya 2020 zimepunguza chochote kule juu, na swali hilo serikali yako ndiyo inayopaswa kulitaka jibu kuliko mimi.

Ziwa Hovsgol la Mongolia linaweza kukufundisha kitu. Liko milimani, watu ni wachache, na hata hivyo mwaka 2014 zilichapishwa hesabu za wastani wa chembe zaidi ya 20,000 kwa kila kilomita ya mraba ya uso wa maji. Huko lawama kubwa ilikwenda kwa takataka za ufuoni: chupa, mifuko na zana za uvuvi zilizovunjikavunjika. Kwa hiyo njia ni mbili, ya angani na ya miguuni petu, na kila moja ina tiba yake. Bila kupima, utatumia pesa za umma kutibu njia isiyokuwa na ugonjwa.

Ya miguuni ni mepesi, nayapitia haraka. Vile vitambaa vyenye unyevu vya kujipangusia, waipsi, vingi vina nyuzi za plastiki, na mtu asiyeoga siku nne huvitumia kama mkate. Nimevikuta nyuma ya mawe kwenye kila kambi niliyolala. Viingizwe kwenye orodha ya vinavyotafutwa langoni, au mtu ahesabiwe vyake akipanda na akishuka. Kufua na kusuuza nguo ziwani kukatazwe kwa bango linalosomeka kwa Kiswahili. Mahema ya kukodisha yakaguliwe: yaliyobanduka yasipande. Na mapota, wale wabeba mizigo wa mlimani, wasaidiwe kupata makoti yasiyobanduka, kwa sababu wao ndio wanaopanda mara nyingi kuliko sote na ndio wanaovaa fagia.

Ya angani ni ya kwako na ya magavana. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 ipo, na kanuni za mwaka 2024 zinamtaka mzalishaji abebe mzigo wa bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Anza na miji inayouzunguka mlima. Uchomaji wa taka Nanyuki na Chogoria uzuiwe kwanza, si kwa kumkamata mama mwenye pipa, bali kwa kumpelekea gari la taka linalofika siku lililoahidi. Na karatasi za vibanda vya mashambani zihesabiwe: ngapi zimenunuliwa, ngapi kuukuu zimerudishwa, na zilizopungua zimekwenda wapi.

Nijuavyo, utaniambia hakuna bajeti. Lakini tarehe 2 Machi 2022, hapahapa Gigiri, mataifa yalikubaliana kuanza kuandika mkataba wa dunia wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Tukawaandalia kikao kingine Novemba 2023. Busan mwaka 2024 hawakumaliza, na Geneva mwezi Agosti 2025 waliachana bila kuafikiana. Kenya imekuwa mwenyeji na msemaji wa jambo hili kwa miaka. Katika kikao kijacho, mjumbe wetu akiinuka na hesabu za Simba Tarn mkononi atasikilizwa tofauti na akiinuka na hotuba. Tena kazi yenyewe si ya kuagiza mtu kutoka nje. Watafiti wa KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamezoea kuhesabu chembe hizi pwani. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa jiografia, kemia na mazingira wanaotafuta mada za tasnifu. Bomba la kuchotea matope hubebwa na watu, na boti ya kupuliza inatosha kwa ziwa la ukubwa ule, ingawa boti hiyo nayo, sina budi kusema, ni plastiki.

Ibara ya 42 ya Katiba inanipa haki ya mazingira safi, na ya 35 inanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nimeona niziweke pamoja, kwa sababu hesabu itakayofungiwa kabatini haitanisaidia mimi wala yule anayekunywa maji ya Ndakaini.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Wanaopima mikroplastiki wana shida moja kubwa: nguo zao wenyewe. Mtu akiinama kuchota sampuli akiwa na flisi, anaweza kurudi maabara akahesabu koti lake. Ndiyo maana hutumia vyombo vya chuma na kioo, huvaa pamba, na huacha chombo kitupu wazi pembeni wakati wa kazi ili wajue kiasi gani kimeanguka kutoka kwao. Timu yako ikiwa tayari, iniletee orodha ya vipimo vya watu wake. Sweta za sufu tupu, makoti mazito ya pamba na kofia za sufu huingia kwenye beli za majira ya baridi, na mimi najua kuzitambua kwa kuchoma uzi mmoja na kunusa. Nitawachagulia kamera, niwaazime bila malipo, na wakishuka wazirudishe zikiwa zimefuliwa. Mapota ninaofahamiana nao upande wa Chogoria wako tayari kubeba bomba hadi Hall Tarns kwa ujira wao wa kawaida wa siku.

Nasubiri jibu lako, na nitashukuru likija kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Muuza mitumba,
Soko la Toi, Nairobi.